Jiwe linawaka bluu kwenye tochi ya noti, ni almasi?

spea_igoma
Shikamooni wakubwa. Kaka yangu yuko maduarani, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu huko Geita, kaniletea mawe mawili meupe, anataka nimtafutie jina kabla broka hajamletea bei ya kichwani mwake. La kwanza lina ukubwa wa ngumi. La pili ni dogo, linazidi kiberiti kidogo tu, ila zito ajabu. Nina tochi ya UV, ule mwanga usioonekana kwa macho, ya kukagulia noti hapa dukani, nanomita 365. Usiku nimezima taa nikamulika. La kwanza limewaka bluu kali kwenye nyufa, na kwingine wekundu. La pili kimya, nimeliweka mlangoni lizuie mlango usijifunge. Jirani anasema bluu ni almasi, nisimwambie mtu. Mnasemaje?

mtoto_wa_kirumba
Piga nyundo. Likipasuka si almasi.

fundi_maabara
Marahaba. Huyo wa nyundo achana naye. Almasi haikwaruziki, lakini kupasuka inapasuka vizuri tu.

Nimepima sampuli za dhahabu mpaka nimestaafu, kwa hiyo nivumilie maswali. Jiwe uliliosha na nini? Sabuni nyingi za unga zina dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, na dawa hiyo inawaka bluu kwenye UV kushinda almasi nyingi. Mulika shati lako jeupe uone. Sasa bluu yako iko kwenye nyufa, mahali ambapo povu hukaukia. Sugua kwa mswaki na maji matupu, suuza, kausha, umulike tena. Almasi zinazowaka ni kama theluthi moja tu, lakini sisi tuliokulia jirani na mgodi wa almasi wa Mwadui kila kinachong'aa tunakipa jina hilo.

Mimi navutiwa na wekundu. Kalsaiti, madini ya mawe ya chokaa, ikiwa na manganizi kidogo hufanya hivyo. Jaribu kisu: kalsaiti inakwaruzika bila taabu, kwatzi, lile jiwe gumu jeupe la kawaida, haikubali, yenyewe ndiyo inakwaruza kioo. Halafu kwangua unga kidogo, udondoshee limau. Unga, si jiwe zima, maana asidi ya limau ni dhaifu. Ukitoa mapovu, basi ni kalsaiti. Maji ya betri usiguse, nakuomba.

Hilo la mlangoni litoe huko. Weka bakuli la maji juu ya mizani ya dijitali, irudishe sifuri, kisha ning'iniza jiwe kwa uzi lizame lote bila kugusa chini wala pembeni. Mizani itakuonyesha uzito wa maji yaliyosukumwa. Chukua uzito wa jiwe kavu, gawa kwa namba hiyo. Kwatzi inatoa 2.65, kalsaiti 2.7, na baraiti, jiwe jingine jeupe lakini zito, 4.5.

spea_igoma
Mzee wewe mchawi, ni kweli niliosha na sabuni ya unga. Bluu yote imeondoka, wekundu umebaki. Unga kwenye limau umechemka. Kaka kanuna.

La pili: nimeazima mizani ya dada anayeoka keki. Kavu gramu 154, kwenye maji 26, nikigawa napata 5.9. Limau halifanyi kitu. Kisu kinakwaruza kwa kukandamiza. Nimelisugua mgongoni mwa tailsi, unga mweupe. Sumaku hailitaki.

fundi_maabara
Sasa tunaongea. Jeupe, unga mweupe, 5.9, kisu kwa nguvu: hapo nafikiria shilaiti, jiwe linalotoa metali ya tangsteni. Hutokea kwenye mishipa ya kwatzi pamoja na dhahabu. Madini meupe ya risasi nayo ni mazito, ila hayo hupita 6.3 na kisu huyakwaruza kirahisi zaidi. Nawa mikono hata hivyo, risasi ni sumu.

Ukimya wake kwenye tochi yako haulifuti. Shilaiti huitikia mawimbi mafupi ya UV, nanomita 254, na hapo huwaka bluu nyeupe. Tochi ya noti ni mawimbi marefu. Tafuta mwenye taa ya mawimbi mafupi. Usijinunulie zile za kuua vijidudu ukaanza kuchungulia, zinaunguza macho na ngozi. Jiwe likiwaka, pitisha kipande cha kioo cha dirisha kati ya taa na jiwe. Kioo cha kawaida huzuia mawimbi hayo, kwa hiyo mng'ao ukizimika ujue ni mawimbi hayo yaliyokuwa yakiliwasha.

Jibu la uhakika ni la maabara. GST, taasisi ya jiolojia ya serikali, wako Dodoma, kipande kidogo kinatosha, usipeleke lote. Ulizia kwanza ofisi ya Tume ya Madini hapo Mwanza. Na kaka aandike leo limetoka duara lipi na kina gani.

spea_igoma
Anasema aliliokota kwenye kifusi cha duara la rafiki yake.

fundi_maabara
Basi kabla ya Dodoma akaongee na huyo rafiki.