Naomba ushauri: kuvu ukutani Januari, joto lisilolalika Julai, nyumba ni ileile

Mpangaji wa Kypseli
Ndugu zangu, habari za jioni. Tunaishi Athens, mtaa wa Kypseli, mimi, mke wangu na mtoto, katika ghorofa ya juu kabisa ya jengo la mwaka 1968. Kiangazi zege la dari hushiba jua mchana kutwa, kisha hututemea joto hilo hadi saa nane za usiku. Baridi ikiingia, ukuta wa kaskazini hutoka jasho na kuvu nyeusi hupanda nyuma ya kabati hadi nguo za mtoto zikanuka. Januari 2022, theluji ilipoanguka, tulilala na makoti. Kuna fundi anayetaka kubandika mbao za povu na jipsamu kwenye kuta zote za chumba, kwa ndani. Je, nikubali? Naomba majibu ya haraka.

Fundi Mstaafu
Kaka, majengo ya Ugiriki yaliyotangulia kanuni ya mwaka 1979 kwa kawaida hayana kizuizi cha joto ukutani; ni zege na tofali tupu. Ukibandika povu kwa ndani bila kuondoa chanzo cha unyevu, ukuta ulio nyuma yake utazidi kupoa, na mvuke utakaopenya kwenye maungio utageuka maji mahali usipoweza kupaona. Povu la ukutani halitakusaidia sana Julai pia, kwa sababu joto lako linatoka juu. Tuambie kwanza: mnapasha nyumba moto kwa kitu gani?

Mama Pangrati
Wanangu, bibi wa Kigiriki niliyekuwa nikimhudumia alishusha vifuniko vya nje vya madirisha mapema asubuhi, akakunjua turubai la baraza, na hakufungua tena hadi jua lizame. Usiku alifungua pande zote mbili ili upepo upite. Kiyoyozi aliwawashia wageni tu. Vijana wa leo mnaacha madirisha wazi saa saba mchana, kisha mnalalamika kwamba kuna joto.

Mchumi Mtoro
Ushauri wangu ni mfupi: rudi Tanga. Joto ni lilelile, lakini madafu yapo.

Mpangaji wa Kypseli
Nashukuru, Mama, turubai tunalo. Kuhusu kupasha moto, tunatumia njia ya kawaida. Swali langu lilikuwa la povu.

Fundi Mstaafu
Njia ya kawaida ni ipi? Rejeta za jengo, zile za kupasha vyumba moto, zinafanya kazi?

Mpangaji wa Kypseli
Rejeta ni za baridi tangu wenye nyumba waliposhindwa kuelewana kuhusu kununua mafuta. Tuna hita ya mtungi wa gesi, ile yenye magurudumu, nayo huwaka chumbani hadi mtoto alale, na pengine hadi alfajiri. Mianya ya madirisha nimeiziba kwa gundi ya karatasi, pamoja na kitundu cha hewa cha jikoni. Kabla hamjanirukia: umeme ni ghali, na kila asubuhi mke wangu hufungua dirisha. Isitoshe, fundi nimeshampa arubuni.

Fundi Mstaafu
Kilo moja ya gesi ikiungua hutoa takriban lita moja na nusu ya maji, yakiwa mvuke. Mtungi wa kilo 10 ukiisha, mmemwaga chumbani lita 15, nanyi mmeziba kila njia ya kutokea. Hayo ndiyo maji ya ukutani. Hatari kubwa zaidi ni kwamba hewa ikipungua, hita hiyo hutoa kaboni monoksidi, isiyo na harufu wala rangi, na mtu aliyelala haamki.

Jicho la Mwewe
Samahanini, uzi huu umetungwa. Theluji Athens? Na kuvu ghorofa ya juu, wakati kila mtu anajua kuvu ni ya vyumba vya chini? Mpangaji na Fundi ni mtu mmoja anayejitafutia wateja.

Mama Pangrati
Mwanangu, Januari 2022 dhoruba iliyoitwa Elpis ilinasa magari kwenye barabara ya Attiki Odos, na watu wakakesha humo. Februari 2021 ilikuwa Medea, iliyoangusha miti juu ya nyaya za umeme. Usibishie mji usiouishi.

Mchumi Mtoro
Kama ni mtu mmoja, basi anajigombeza vizuri sana.

Fundi Mstaafu
Sina cha kuuza. Kuvu huota popote ukuta unapopoa na hewa imejaa mvuke, na ghorofa ya juu hupoteza joto kwa kuta na kwa dari. Bandua gundi leo. Tumia kiyoyozi upande wa joto: uniti moja ya umeme hukupa joto la uniti tatu hivi, bila tone la maji. Povu liwekwe juu ya zege, kwa nje, na lifunikwe kwa rangi nyeupe isiyopitisha maji. Lakini paa ni la wote, hivyo mwenye nyumba wako alipeleke kwenye kikao cha jengo.

Mpangaji wa Kypseli
Mwenye nyumba hapokei simu, na arubuni hairudi. Nitamwambia fundi afanye ukuta wa kaskazini peke yake, na hita tutaizima saa nne.

Mama Pangrati
Saa nne ya nini, baba? Itoe chumbani kabisa.

Mpangaji wa Kypseli
Kitundu cha jikoni nimekizibua sasa hivi. Habari ya hita nitazungumza na mke wangu akitoka kazini.