Gari la zamani halichaji: ninunue alteneta nyingine, nifufue hii, au nibadili mfumo mzima?

mkweche_wangu
Wakuu, nina gari lililopita miaka 30, lile la alteneta (mashine inayozalisha umeme injini ikizunguka) yenye regyuleta pembeni, kijisanduku cha kudhibiti volti kimefungwa kwenye bodi. Betri ina miezi mitatu tu. Mchana halina neno. Usiku nikiwasha taa kubwa na waipa, taa ya betri kwenye dashibodi inaanza kuwaka kwa mbali, nyekundu ya aibuaibu, na asubuhi stata inasema "tik" basi.

Nimepima kwenye betri. Gari likiwa limelala usiku kucha: volti 12.2. Injini ikiwaka: 13.3. Nikiwasha taa: 12.6. Naona njia tatu: alteneta iliyokarabatiwa, nifunge moja kwa moja, kuifungua hii hii niweke kaboni (vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) na regyuleta mpya, au alteneta kubwa ya kisasa yenye regyuleta ndani, nisahau kabisa habari hizi. Aliyepita huko anisaidie.

spana_kumi
Badilisha nzima. Bolti mbili tatu, unakaza mkanda, umemaliza. Ukiifungua ya zamani leo utaweka kaboni, wiki ijayo beringi inalia, mwezi ujao dayodi, zile zinazoruhusu umeme upite upande mmoja tu. Ila angalia mkanda kwanza. Ukiona upande wa ndani unang'aa kama kioo, unateleza huo, na watu wengi wamenunua alteneta kwa kosa la mkanda.

waya_mwekundu
Mkuu, usinunue kitu bado. Hizo namba ulizopima kwenye betri hazikuambii umeme umepotelea wapi.

Washa injini, taa kubwa, feni na waipa, mtu akanyage mafuta kidogo. Ncha moja ya mita iguse bolti nene ya nyuma ya alteneta, nyingine iguse nguzo chanya ya betri. Nasema nguzo yenyewe, si kichwa cha waya kilichoishika. Namba itakayotokea ni volti zinazoliwa njiani. Ikizidi 0.3, mgonjwa wako ni waya. Kisha pima kati ya ganda la alteneta na nguzo hasi, ikizidi 0.2, athi (njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi) ni mbovu.

Hesabu yake ni hii: kiungo chenye ukinzani wa omu 0.02 tu, kikipitisha ampea 40, kinakula volti 0.8. Alteneta mpya itapita njia hiyo hiyo na kuliwa hivyo hivyo.

taa_hafifu
Mnazunguka sana. Injini ikiwaka, chomoa kichwa kimoja cha betri. Likizima, alteneta imekufa. Sisi ndivyo tulivyofunzwa.

waya_mwekundu
Aliyekufunza alizoea dainamo, zile za kabla ya alteneta. Kwenye alteneta, betri ndiyo inayomeza mruko wa volti. Ukiichomoa wakati umeme unazalishwa, volti zinapanda ghafla, na dayodi zinaweza kuungua pamoja na regyuleta. Unapima kitu kizima unakitoa kibovu.

taa_hafifu
Mimi nimefanya hivyo miaka yote. Ingawa, sasa nikikumbuka, nimeshabadilisha alteneta mbili.

mlalo_asubuhi
Kwenye dayodi niongeze. Weka mita kwenye volti za AC (umeme wa kwenda na kurudi), pima betri injini ikiwaka; ikivuka 0.5 hivi, shuku dayodi. Na asubuhi kabla hujawasha, gusa alteneta kwa mkono. Ya kwangu ilikuwa na vuguvugu wakati injini nzima ni ya baridi. Dayodi ilikuwa inavujisha umeme usiku kucha.

nimehamia_kisasa
Mimi nilichukua njia ya tatu. Kuchaji inachaji, hata injini ikiwa inanguruma polepole. Lakini usidhani utasahau habari hizi. Waya wa gari langu ulipangiwa alteneta ya ampea 35. Ukibandika ya 80 juu yake unakaribisha moto. Nililaza waya mpya mnene hadi kwenye betri, na fyuzi yake. Kama dashibodi yako ina mita ya ampea ndiyo balaa zaidi, maana kwenye magari mengi ya zamani umeme wa kuchaji wote unapitia humo.

Halafu nilihangaika siku mbili haichaji mpaka nikanyage mafuta sana. Kumbe globu ya taa ya betri imeungua. Ile taa si ya kuonya tu, inapeleka mkondo mdogo wa kuiamsha alteneta.

mkweche_wangu
Nimerudi na majibu. Upande wa hasi 0.05, safi. Upande wa chanya 0.7!

Nimechana ganda la plastiki kwenye kichwa cha waya nyuma ya alteneta. Kwa nje kizuri kabisa. Ndani shaba imekuwa ya kijani, nyuzi nusu zimekatika, zilizobaki zinapukutika ukizigusa. Nimeweka waya mpya. Taa zikiwa zimewashwa, betri sasa inasoma 13.2.

waya_mwekundu
Umepanda, ila bado. Nilitegemea 13.8 kwenda juu. Sasa ndiyo uifungue, angalia kaboni.

mkweche_wangu
Nimefungua. Kaboni moja ina milimita 11, ya pili 4, imebanwa kwenye nyumba yake na vumbi jeusi, springi haiisukumi tena. Nimeweka jozi mpya, nikasugua ringi za shaba kwa msasa laini. Regyuleta sijaigusa. Taa zikiwaka 14.1, zikizimwa 14.3. Leo asubuhi kabla ya kuwasha, 12.6. Hata AC nimepima, ni 0.03.

spana_kumi
Hongera. Ulipokuwa umeitoa, uliizungusha puli kwa mkono?

mkweche_wangu
Niliizungusha. Inakwaruza kidogo.

spana_kumi
Si nilisema beringi.

mkweche_wangu
Nimeshaagiza.