Mrejesho: tungule (nyanya) zangu zilizogeuka zambarau, Pemba

Asalaam aleikum wadau, nliuliza hapa kwa nini miche yangu ya tungule imedumaa na majani kwa chini yamekuwa zambarau, mkanambia fosforasi, kirutubisho cha mmea, imepungua udongoni. Ahsanteni sana, Mungu awalipe. Nimefuata ule ushauri wa kutia DAP, mbolea yenye fosforasi, ndani ya shimo wakati wa kuhamisha miche, ichanganywe na udongo isiguse mizizi, tena nkangoja masika yakatike ndo nkapanda, mwezi wa sita, na wallahi mizizi imeshika, maua yamewahi na sasa zinabeba vizuri. Ila lile tuta la mwanzo lililokwishapandwa kwenye mvua, DAP ya kurushia juu haikusaidia, fosforasi haitembei sana udongoni, halafu ugonjwa wa bakajani ukalimaliza. Ule ushauri wa kutia samadi iliyooza bado sijaufuata, nitatia vuli inshaallah.