Kiwango cha wazee wanaopigwa nyumbani, na dalili za hatari

Mkaaji wa Kadutu
Ndugu zangu wa Bukavu, katika kiwanja chetu yupo mama mzee aliyepoteza kumbukumbu, ambaye anatunzwa na mtoto wake wa kiume asiye na kazi. Nimeona damu imevilia usoni na mgongoni mwake, na kila nikiuliza, kijana hujibu kabla mama hajafungua kinywa kwamba ameanguka. Je, mambo haya yameenea kiasi gani, na nani yumo hatarini zaidi?

Muuguzi, Ibanda
Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba, kwa mwaka mmoja, mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na zaidi hutendewa vibaya kwa namna fulani. Waliosema kwamba walipigwa ni takriban asilimia 2.6, ilhali walioumizwa kwa matusi na vitisho ni asilimia 11.6. Hata hivyo, hesabu hizo hutokana na wale wanaoweza kujieleza, na mtu aliyepoteza kumbukumbu ni nadra kuulizwa. Kwa hiyo mama huyo huenda asihesabiwe popote.

Uliyoyaeleza yananitia hofu kweli. Kupoteza kumbukumbu, kumtegemea mtu mmoja kwa chakula na kwa kuogeshwa, kutotembelewa, na mtunzaji ambaye naye anaishi kwa mali ya mzee, yote huongeza hatari, na pombe ikiingia huzidi. Umaskini peke yake hautoshi kuwa maelezo, maana nyumba nyingi maskini hapa kwetu zinawatunza wazee wao kwa heshima kubwa. Kuhusu alama, zile za ajali huonekana zaidi mikononi na miguuni. Kubwa za usoni na mgongoni zinahitaji kuchunguzwa. Mpelekeni kituo cha afya, na muuguzi aongee naye bila kijana kuwapo.

Mzazi, Bagira
Tusiwasahau watoto wenye ulemavu: uchambuzi wa tafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba hatari yao ya kutendewa ukatili ni karibu mara 4 ya watoto wengine. Neno uchawi nalo huwaweka hatarini wazee na watoto pia, ingawa sheria ya Kongo ya 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi.

Mkaaji wa Kadutu
Asanteni. Je, nianze kwa chefu wa avenyu, yaani kiongozi wa mtaa wetu?

Muuguzi, Ibanda
Anza na binti zake au ndugu wengine wa mama, kwa siri. Kijana akishutumiwa mbele ya watu atafunga mlango, na mama ndiye atakayebaki ndani. Lakini ukisikia kipigo, usingoje ndugu: mwite chefu na majirani papo hapo.