Picha ya abstrakti inaanzia wapi? Nimekwama mwezi wa tatu sasa

Kijana_wa_Rangi (Temeke)

Wakuu, habari za jioni.

Nina miaka 24, nachora Tingatinga tangu nimalize kidato cha nne. Twiga, tembo, pundamilia, ndege wa kila rangi. Mkono umeshashika, nashukuru Mungu, na kodi ya chumba inatoka humo humo. Sasa kuna siku nilipita Nafasi Art Space, kituo cha sanaa pale Mikocheni, nikakuta picha moja kubwa haina mtu, haina mnyama, haina mti. Nyekundu nzito, imekatwa na mistari miwili mitatu, basi. Wenzangu walitangulia kutoka, mimi nikabaki nimesimama. Kifua kilinibana na mpaka leo sijui kilibanwa na nini.

Tangu siku hiyo nataka kuchora vile. Nimeshaharibu kanvasi tatu. Nikimwaga rangi na kuchanganya, inatoka tope. Nikienda taratibu, inatoka nzuri lakini kama kitenge: ukiiona mara moja umemaliza. Juzi baba alipita akauliza, "Hii ni nini?" Nikakosa jibu, naye akaondoka bila kuongeza neno. Hilo limeniuma kuliko hizo kanvasi.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Mnaanzia wapi? Wazo linakuja kabla hujashika brashi au linakukuta katikati? Na unajuaje kwamba picha imeisha, wakati hakuna jicho wala mkia wa kumalizia?

Fundi_Fremu (Kinondoni)

Dogo, mimi natengeneza fremu, huu mwaka wa 19. Picha zinapita mikononi mwangu kila siku, kwa hiyo nakuambia kwa nia njema: abstrakti zinakaa dukani. Mteja ananunua twiga kwa sababu amemwona twiga. Mzee Tingatinga mwenyewe alipoanza, mwaka 1968, alichukua ubao wa dari na rangi ya kupakia baiskeli, akachora kitu ambacho mtu yeyote anakielewa, na mpaka leo vijana wanakula kwa jina lake. Usiache mbachao kwa msala upitao.

BintiKigombe (Dar es Salaam)

Kijana, pole na hizo kanvasi. Nachora abstrakti mwaka wa 16, naishi kwa hizo picha na kwa kufundisha watoto kuchora siku za Jumamosi. Nitakueleza ninavyofanya mimi, maana njia ya mwingine siijui kwa ndani.

Nimezaliwa Kigombe, kati ya Tanga na Pangani. Baba mdogo, ndiye aliyenilea, alikuwa fundi wa vyombo vya baharini. Maji ya bamvua yakijaa, mashua inasogezwa juu kabisa pwani. Yakitoka inabaki imelala ubavu kwenye mchanga na kazi inaanza. Kukwangua rangi, kuchoma chini kwa makuti makavu ili wafe wadudu wanaotoboa mbao, kutia kalafati, yaani pamba ya kuziba nafasi kati ya mbao, kisha kupaka deheni, mafuta ya kuzuia maji. Kazi yangu mimi mtoto ilikuwa kusokota pamba ya kalafati na kuichovya kwenye mafuta. Kwa hiyo sehemu kubwa ya utoto wangu niliketi uso umeelekea ubavu wa mashua, mkono mmoja tu kutoka kwenye mbao.

Ukiwa karibu hivyo huoni mashua. Unaona kijani cha mwaka juzi, kimepasuka kama udongo wa kidimbwi kilichokauka. Pale kisu kilipopita, chini ya kijani kuna nyeupe, na chini ya nyeupe kuna samawati ya mwenye chombo wa kwanza, ambaye sisi watoto tulimkuta ameshakufa. Halafu ubao wenyewe, rangi yake kama chai ya mkandaa. Na pale mbao mbili zinapokutana, mstari mweusi wa kalafati. Haujanyooka, una vinundu kila mahali pamba ilipopigwa nyundo. Kipande chote hicho hakizidi kiganja. Nakichora mpaka leo na sijakimaliza.

Miaka ya mwanzo nilichora mashua zenyewe, na tanga, na minazi, na jua linazama, nikawauzia wageni. Hazikuwa mbaya. Lakini kila nikimaliza najua kabisa kwamba kile nilichokiona nikiwa na miaka minane hakimo. Kiliingia siku nilipoacha chombo nikachukua ubavu wake tu, nikausogelea mpaka jina lake likapotea. Kwa hiyo ukiniuliza wazo linakuja lini, mimi wazo langu lilikuja nikisokota pamba. Kinachobaki kila asubuhi ni kulitafutia rangi.

Nikuongezee la mtu mwingine, maana lilinipa moyo nilipokuwa kama wewe. Ibrahim El-Salahi, Msudani wa Omdurman, aliyezaliwa mwaka 1930. Alisoma uchoraji London, akarudi Khartoum mwaka 1957, akaonyesha kazi zake, na watu wa kwao hazikuwagusa. Aliacha kuchora kwa muda, akazunguka Sudan akitazama vitu ambavyo watu wanavipenda na kuviweka majumbani mwao. Akakuta maandishi ya Kiarabu ukutani, nakshi za mikeka, mapambo ya mikono ya kawaida. Na herufi hizo alizijua tangu utotoni, kwenye chuo cha Kurani cha baba yake! Akaanza kuandika maneno madogo pembeni mwa picha, mwaka baada ya mwaka herufi zikakua, mwisho akazivunja zenyewe vipande vipande, na katika nafasi zilizofunguka zikatokea sura, mimea, wanyama. Mwaka 1975 alifungwa bila kesi katika gereza la Kober, ambako karatasi na kalamu vilikatazwa. Alichora kwenye vipande vidogo vya karatasi za kuokota, akavifukia mchangani wasimkamate navyo. Nikikosa rangi ya bei, namkumbuka.

Ninachokiona kwake ni kwamba hakutafuta kitu kigeni. Alichukua kile ambacho mkono wake ulikijua kabla hajaitwa msanii, akakifungua. Sasa jiulize, mkono wako wewe unajua nini? Unajua Tingatinga. Kaka Fundi_Fremu, sikupingi kuhusu kodi, na namheshimu sana mzee Tingatinga. Ila tazama pia alichokifanya: alichukua ubao na rangi vilivyokuwepo mjini, hakungoja vya Ulaya. Hilo nalo ni fundisho kwetu sisi wa abstrakti.

Kuhusu kazi yenyewe. Nanunua kitambaa cha marekani nzito, nailoweka usiku kucha, ikirudi, yaani ikisinyaa, irudie kwenye beseni, isije ikarudia kwenye fremu. Naiwamba, napaka mikono miwili ya rangi nyeupe ya ukutani niliyoichanganya na gundi ya mbao, napiga msasa. Rangi ya kwanza ni udongo mwekundu wa Muheza, nauchekecha kwa kanga kuukuu na kuukoroga na gundi hiyo hiyo. Naupaka nikijua utafunikwa. Juu yake inakuja nyeupe, halafu nyingine, hata nne au tano, na kila moja naiacha ikauke kabisa isipokuwa ya mwisho. Hiyo ya mwisho, ikiwa imeshika juu lakini chini bado laini, nachukua skrepa ya mafundi wa rangi za nyumba nakwangua. Hapa ndipo kazi ilipo. Ukiwahi, rangi zinavurugana. Ukichelewa, haitoki hata chembe. Msimu wa kaskazi, joto likiwa kali, nina dakika chache tu, kwa hiyo kazi kubwa naziweka msimu wa kusi. Nikikwangua sitazami picha nzima, natazama ncha ya skrepa.

Tope lako linatoka hapo. Unachanganya zote zikiwa mbichi. Acha ya kwanza ikauke, hata ikikulazimu kulala. Na kwa kuwa umezoea rangi ya mafuta, usipake ya maji juu yake, itabanduka. Ya maji kwanza, ya mafuta juu.

Fanya hivi: chukua twiga wako, usimchore. Chagua mahali madoa mawili yanapokaribiana kwenye shingo, ukubwa wa sarafu, ukuze kipande hicho mpaka kijaze mita nzima ya kitambaa. Ule mfereji kati ya doa na doa uupe siku nzima.

mpingo_mweusi (Mtwara)

Ninaongezea kidogo upande wa kuchonga. Wamakonde wana vinyago vinavyoitwa mawingu, havina sura ya mtu wala jini, ni mikunjo inayopanda na kufunguka. Babu yangu alichonga hivyo. Alikuwa anakaa na gogo la mpingo siku mbili tatu analigeuza tu, hashiki tezo. Mpingo nje ni mweupe kama maziwa, moyo ndio mweusi, na mpaka wa rangi hizo mbili unakwenda unavyotaka wenyewe. Babu alifuata mpaka ule. Watu wakimwuliza umechonga nini, alikuwa anajibu, "Zungusha." Mtu akishakizungusha mara mbili haulizi tena.

Kwa hiyo mdogo wangu, kabla ya kuchora geuza hiyo kanvasi. Mpaka pawe na upande mmoja unaokuita.

Kijana_wa_Rangi (Temeke)

Shikamoo dada BintiKigombe, shikamooni wote. Nimesoma mara tatu. Sikulala, nikajaribu lile la madoa ya twiga. Nimegundua kwamba miaka yote napiga doa kwa haraka na sijawahi kuutazama ule mfereji. Kwenye picha zangu una kingo mbili, moja kali na moja imefifia kidogo, kwa sababu brashi yangu huwa inainuka upande wa kulia. Sikujua kama ni yangu. Nimekaa nao mpaka adhana ya alfajiri.

Nimebakiwa na mawili. Hujaniambia unajuaje imeisha. Na baba akiuliza tena, nimjibu nini?

BintiKigombe (Dar es Salaam)

Marahaba mdogo wangu. Hiyo brashi inayoinuka kulia usiirekebishe! Hiyo ndiyo mali yako, na nimefurahi kwamba umeiona mwenyewe.

Kumaliza: naigeuza picha juu chini, kisha uso ukutani, siku kumi siitazami. Siku ya kumi na moja naifungua asubuhi mapema kabla sijawasha taa. Nafunika kipande kimoja kwa kiganja, natazama zilizobaki. Kama picha haikukikosa kile kipande, basi kipande hicho hakijafanya kazi, narudi na skrepa. Kama kila nilipofunika naona pengo, naandika tarehe nyuma. Kuna zilizoisha wiki tatu, kuna moja ilinichukua miaka minne, ipo hapa sebuleni na siiuzi.

La baba nitakujibu kwa yaliyonipata. Baba mdogo alipozeeka, macho yaliingia mtoto wa jicho, akawa anaona mwanga tu. Sikuwahi kumwonyesha picha zangu hizi, niliogopa swali hilo hilo la baba yako. Mwaka mmoja nilikwenda Kigombe Idi, nilikuwa na picha moja nikiipeleka kwa mteja Tanga mjini, nikaiegemeza ukutani barazani. Akauliza umeleta nini. Nikamwambia ni kazi yangu. Akasema, "Niletee hapa."

Nikamwekea mapajani. Akapitisha mkono, viganja vile vigumu, taratibu, kutoka kushoto. Akafika kwenye mstari mweusi akausimamia, akaufuata kwa kucha ya kidole gumba mpaka mwisho wake, kama alivyokuwa anakagua kalafati. Hakuniuliza ni nini. Akarudi kwenye kona ya chini, akaibonyeza mara mbili, akasema, "Hapa umekwangua mno. Ubao utakunywa maji."

Na kona ile ndiyo iliyokuwa ikinisumbua mwezi mzima, nikiangalia naona kuna kitu hakijakaa na sijui ni kitu gani. Nilimpigia mteja nikamwomba wiki mbili zaidi. Nikarudi Dar na picha, nikaipaka kona ile mikono miwili ya nyeupe, nikaiacha bila kuigusa kwa skrepa.

Kwa hiyo baba akipita tena, usimweleze. Mpe aishike, ikiwa imekauka.