Tupeane uzoefu: nani kapigwa na baridi Ziwa Ngozi, kule Mbeya?

Mtoto wa Tandika: Wakuu, jana nimemsikia dogo anapanga kwenda Ngozi mwezi huu wa sita, begi la mgongoni lina kaptula na tisheti tu, moyo ukanipasuka. Mwaka juzi tulipanda basi pale Mbezi tuko wanne, kesho yake tukashukia Isongole, mimi na binamu tumevaa jinzi. Mvua zilikuwa zimeisha lakini ule msitu una ukungu, mianzi inakudondoshea maji mpaka unalowa, njia utelezi. Kufika ukingoni, zaidi ya mita 2,000 juu, ziwa halionekani, tukakaa, mara upepo ukaja likafunguka lote chini kule, kijani, kimya. Hapo ndo tulipokosea maana saa tisa imeshapita na sisi tukasema tushuke mpaka majini, na kushuka kwenyewe ni kushika mizizi. Wakati wa kupanda binamu akaanza kutetemeka meno yanagongana, baadae akatulia nikashukuru Mungu nikajua kapata joto, kumbe ndo anaenda. Namuuliza mama yako anaitwa nani ananijibu "subiri", anataka kukaa chini, vidole vimeshindwa hata kushika zipu. Mzee aliyetuongoza akamvua jinzi palepale akamvisha sweta lake kavu na kanga ya mkewe, tukambana katikati watu wawili. Saa mbili usiku ndo tunafika jikoni kwa yule mzee. Sijawahi kuogopa vile.

Bi Mdogo Kigamboni: Jinzi ikilowa kule haikauki. Nakuunga mkono.

Utingo Mstaafu: Poleni. Dawa yake kifuniko kimoja cha pombe kali, joto linapanda hapohapo.

Nesi wa Temeke: Kaka hapana, usimwambie mtu hivyo. Pombe inatanua mishipa ya ngozini, anajisikia joto wakati la ndani ndo linatoka. Mvue vilivyolowa, mfunike mpaka kichwa, chai ya sukari kama anameza vizuri, na usimsugue mikono na miguu.

Utingo Mstaafu: Miaka 20 Makambako usiku tunapiga hiyohiyo, hajafa mtu.

Nesi wa Temeke: Mlikuwa ndani ya gari, tena wakavu.

Chaliifu: Mnatisha watu bure, mi nilienda na kaptula jua linawaka.

Mnyakyusa wa Mbagala: Ulibahatika ndugu yangu. Milima hiyo ya Uporoto jua na ukungu vinapokezana ndani ya nusu saa.

Aliyerudi Sinza: Nilipokuwa nasoma Colorado tulienda kulala ziwani milimani mwanzoni mwa Juni, huko ndo kiangazi kinaanza, tukakuta ziwa bado lina barafu. Asubuhi theluji ngumu unapita juu, saa sita imelainika mguu unazama mpaka pajani na begi mgongoni, nililia. Popote pale, anza alfajiri.

Bi Mdogo Kigamboni: Alfajiri Ngozi giza na utelezi, bora saa mbili.

Mtoto wa Tandika: Saa mbili sawa, ila saa nane uwe umeshageuza. Na nguo kavu seti nzima ndani ya nailoni, usiiguse mpaka ulowe.

Chaliifu: Haya nimewaelewa. Narudi huko Jumamosi na mdogo wangu, koti zito la mtumba soko la Karume nipate upande gani?

Mtoto wa Tandika: Wahi asubuhi wakifungua marobota. Chukua mawili.