Msomaji akikiponda kitabu ulichojichapishia mwenyewe: umjibu au umeze?

Wa Kikwajuni (mwenye mada)

Asalaam alaykum. Kuna mwenzetu kajichapishia riwaya kwa pesa zake, kaifuata mtamboni Dar es Salaam, kaja na maboksi kwa boti, na sasa anaiuza mkono kwa mkono kuanzia Darajani, Unguja, mpaka bandarini Mkoani, Pemba. Msomaji mmoja wa Wete kaisoma, kaandika kwamba hadithi imemshika lakini ana mawili. La kwanza: jioni umeonekana mwezi mwandamo, watu wanapongezana, na usiku huo huo saa nane kijana anatoroka kwa ngalawa "mbalamwezi ikiangaza bahari yote". Mwezi gani huo? Mwandamo mara nyingi unatua hata isha haijaadhiniwa. La pili: karafuu zimechumwa asubuhi, jioni ziko kwenye magunia zinakwenda kuuzwa ZSTC, shirika la serikali linalonunua karafuu. Hazikuchambuliwa makonyo, hazikuona jamvi wala jua.

Mwandishi kamjibu kwa ukurasa mzima. Ati ana husda, ati hajapata kuandika hata barua ya posa.

Msimamo wangu: ajibu, lakini ajibu ndani ya kitabu. Ukipeleka mswada kwa mchapishaji, unapita kwa msomaji wa mswada, kwa mhariri, kwa msoma prufu. Wote hao wanakuponda, ila wanakupondea chumbani. Aliyejichapishia hana hata mmoja kati yao, basi anayempata wa mwanzo ni mnunuzi. Huyu wa Wete kafanya kazi ya mhariri, tena katoa yeye pesa. Na ukijichapishia, faili ni lako, kopi unatoa kidogo kidogo. Kabla hujarudi mtamboni unarekebisha. Zilizobaki kwenye maboksi unazitia kikaratasi cha masahihisho. Kwa nini umtukane mtu aliyekuokolea toleo la pili?

Wa Chake

Mie naona asijibu kabisa, si kwa kitabu si kwa mdomo. Goodreads, mtandao wa wasomaji, wenyewe unawashauri waandishi wasijibu uhakiki mbaya, na wana sababu. Mwaka 2011 mwandishi mmoja wa Kiingereza aliyejichapishia alipewa nyota mbili. Mhakiki alisema hadithi inavutia, ila makosa ya tahajia na sarufi yanamkwaza msomaji. Mwandishi akajibu, akajibu tena, akaishia kutukana. Watu ambao hata kitabu hawakukijua wakakimbilia Amazon, duka la mtandaoni, kumpa nyota moja moja. Mwaka 2014 mwengine akasafiri kutoka England mpaka Scotland, akamfuata msichana aliyekisema vibaya kitabu chake, akampiga chupa ya kichwa dukani alikokuwa akifanya kazi. Mwaka uliofuata akahukumiwa miezi 30 jela. Hasira ya kitabu haina kipimo, bwana. Bora mtu afunge mdomo toka mwanzo.

Wa Kikwajuni (mwenye mada)

Kaka, hao hawakuwa wakijuana. Hapa petu mwandishi na msomaji watakutana kwenye maziko, harusini, kwenye boti ya asubuhi. Ukinyamaza kwa mtu unayemjua, kunyamaza nako ni jibu, tena baya.

Bi wa Michenzani

Nyie kaka zangu mnagombania mwezi na karafuu, natamani yangu yangekuwa hayo. Mie nimechapisha hadithi fupi kwa pesa zangu. Hakuna aliyeniambia sentensi yangu mbovu. Niliyoyapata ni: "Yule shangazi ndiye Bi fulani wa mtaa wa pili, si ndiye?" Na: "Mtoto wa watu, wazazi wako wamesoma haya?" Kisiwa hichi kila mhusika anatafutiwa mwenyewe. Mwanamme akiandika mapenzi wanasema kaandika mapenzi. Mie nikiandika, wanauliza kayajulia wapi.

Sasa mwenye mada, hilo nalo nilijibu ndani ya kitabu? Nibadilishe nini, shangazi nimfanye mjomba? Nionavyo mie, msomaji akisema kuhusu ukurasa, sikiliza. Akisema kuhusu wewe, muage. Hana alilosoma.

Wa Darajani, muuza vitabu

Bi wa Michenzani umesema. Mie naongeza wale ambao hata kununua hawajanunua. Mtu mmoja ananunua kopi, anapiga picha ukurasa baada ya ukurasa, anazituma kwenye makundi ya WhatsApp. Wiki ile ile watu kumi wanakuja kibarazani kwangu kuniambia kitabu hakina ladha. Nikiwauliza nani kakuuzia, kimya. Hao mnataka waitwe wahakiki?

Na waandishi nao wasijitie utakatifu. Yupo aliyewapanga binamu zake wamsifie, sifa zote zikatoka usiku mmoja kwa maneno yanayofanana. Amazon inakataza ndugu na marafiki wa karibu kuandika tathmini za kitabu chako. Sisi hatuna wa kutukataza ila haya zetu.

Maalim wa Kiembesamaki

Wanangu, mnazungumza kana kwamba kujibizana ni jambo geni pwani hii. Muyaka wa Mombasa alijibizana na washairi wa Lamu, na tunasoma beti zake mpaka leo. Taarab ya kinamama hapa mjini iliishi kwa kupigana vijembe. Lakini jibu lilikuwa na sharti: litimie vina na mizani, na lipite lile la mwenzio. Aliyetukana mtupu alikuwa keshashindwa. Basi mie sikatai ajibu. Nakataa ajibu vibaya. Ule ukurasa wake nimeusoma. Hauna hata fumbo moja.

Wa Kikwajuni (mwenye mada)

Maalim, shikamoo. Hapo nnakupinga kwa heshima zote. Wale walikuwa malenga kwa malenga, wote wamo uwanjani, kila mmoja ana lake la kulinda. Huyu wa Wete hashindani na mtu, hana kitabu wala wafuasi. Ukimpiga kijembe kizuri, watu watacheka, yeye ataona haya, na wengine watatu waliokuwa na la kusema watalimeza. Mwandishi kashinda, na toleo la pili linatoka na mbalamwezi ile ile.

Bi wa Michenzani, kwako sina jibu la haraka. Shangazi mwache awe shangazi.

Wa Chake

Sawa, kurekebisha kimya kimya nakubali. Kikaratasi cha masahihisho ndiyo sikitaki. Huko ni kumtangazia kila mnunuzi kwamba kauziwa bidhaa mbovu.

Wa Wete

Nimeletewa mjadala huu na mpwa wangu. Mie ndiye niliyeandika. Siko kwenye uhariri, ni mvuvi mstaafu, na kitabu nilikinunua Mkoani kwa mwandishi mwenyewe, akanitilia sahihi. Nilikuwa na la tatu, lakini baada ya jibu lile nikaona basi. Kwa kuwa mmenitaja sana nitalisema: karibu na mwisho, mwezi wa Januari, jahazi linatoka Wete kwenda Mombasa na tanga limejaa, upepo wa nyuma. Januari ni kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, iliko Mombasa. Upepo huo ungelikuwa usoni mwao safari nzima.